Maswali ya Wasomaji: Wakili wa Serikali ni Wakili wa Nani?

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zimetoka Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, na karibu zote zinahusu kazi ya mawakili wa Serikali wanaoshughulikia makosa ya jinai na mambo ya ulinzi na usalama. Tumechagua chache na kuzifupisha, na majina ya walioziandika hatukuyatoa kwa sababu baadhi yao wana kesi ambazo bado ziko mahakamani. Anayejibu ni wakili wa Serikali mwandamizi mstaafu aliyetumika katika mikoa hiyo kwa miaka mingi. Sheria zinatajwa kwa majina yake bila namba za vifungu, kwa kuwa Toleo la Urekebu la mwaka 2023 limebadilisha namba nyingi ambazo wasomaji walizizoea.

Kamwene Wakili, na shikamoo. Nasoma sheria mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Iringa. Natamani kuwa wakili wa Serikali upande wa ulinzi na usalama na kupanda hadi ngazi za juu. Wenzangu wananiambia kuwa mwanasheria wa huko ni mtumishi wa polisi tu, kazi yake ni kupeleka mahakamani anacholetewa. Naomba unieleze ukweli wa kazi hiyo na njia ya kuifikia. (Mwanafunzi, Iringa)

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la wenzako, kwa sababu halikuzuka hivi hivi. Kwa miongo mingi katika mahakama zetu za wilaya na za hakimu mkazi, aliyesimama kuendesha mashtaka alikuwa askari polisi, yaani jeshi lilelile lililokamata, likapeleleza na kuandika maelezo, ndilo lililosimama mbele ya hakimu kuomba mshtakiwa atiwe hatiani. Mwananchi aliyeyaona hayo hakuwa na sababu ya kumtofautisha mpelelezi na mwendesha mashtaka. Utaratibu huo umebadilishwa hatua kwa hatua. Mwaka 2005 Katiba iliongezewa Ibara ya 59B inayohusu Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye wengi humwita DPP; mwaka 2008 ikatungwa sheria ya huduma za mashtaka ya taifa; na Februari 2018 majukumu yaliyokuwa chini ya paa moja yakagawanywa, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akabaki na ushauri na uandishi wa sheria, Wakili Mkuu wa Serikali akapewa mashauri ya madai na usuluhishi, na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikasimama peke yake kwa upande wa jinai.

Kwa hiyo unaposema unataka kuwa wakili wa Serikali katika ulinzi na usalama, jua kwamba hapo pana milango zaidi ya mmoja. Wapo walio katika Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, ambao ndio husimama mahakamani. Wapo walio katika kitengo cha sheria cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, wanaopitia mikataba, kanuni na amri za kumwondosha mgeni nchini. Wapo wanasheria ndani ya polisi, magereza na uhamiaji, na wapo walio TAKUKURU, yaani taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, na katika Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Nitaeleza zaidi habari za mashtaka kwa sababu ndiko nilikotumika.

Ibara hiyo ya 59B inaelekeza kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka awe huru katika kutumia mamlaka yake, asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote, na azingatie mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Yasome mambo hayo tena polepole. Hakuna palipoandikwa kushinda kesi, wala palipoandikwa kumridhisha kamanda wa mkoa. Wakili anayemwakilisha Mkurugenzi huyo katika mkoa wenu anabeba sharti hilohilo.

Kwa vitendo, kazi iko hivi. Jalada linaletwa mezani kwako na mpelelezi, mara nyingi mchana, na mara nyingi pamoja na maneno kwamba wakubwa wanataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani kesho. Wakili mchanga hufungua moja kwa moja maelezo ya onyo ya mtuhumiwa, yaani yale aliyoandikwa polisi baada ya kuonywa kwamba halazimiki kusema, na akikuta amekiri anapumua. Mwandamizi huanza na saa. Anatazama mtu alikamatwa saa ngapi na maelezo yakaanza kuandikwa saa ngapi, kwa sababu Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa 4 za msingi za kumhoji aliye chini ya ulinzi, na muda huo ukihitaji kuongezwa upo utaratibu wa kuuongeza. Maungamo yaliyoandikwa kesho yake asubuhi, bila maelezo yoyote ya ule usiku mzima, yanaweza kukataliwa na mahakama hata kama kila neno lililomo ni kweli. Na ikiwa jalada halina kitu kingine, basi hapo halina kesi. Kisha anatazama kama aliyeandika maelezo ndiye aliyesaini, kama shahidi aliyetajwa ukurasa wa tatu ameandikwa maelezo au ametajwa tu, na kama tarehe zinafuatana. Baada ya hapo ndipo anapomwambia mpelelezi ukweli: ushahidi unatosha, au hautoshi na hiki ndicho kinachokosekana. Kumwambia ofisa mwenye nyota mabegani kwamba ushahidi hautoshi, kwa heshima na bila kuyumba, ndiko kunakomtofautisha wakili mwandamizi na karani wa kupokea majalada. Ukiona huwezi kulisema neno hilo, chagua tawi jingine la sheria, kwa maana wapo watu ambao uhuru wao utakaa kwenye kalamu yako.

Njia yenyewe inajulikana. Ukimaliza shahada, iwe ni hapo Iringa, katika Ndaki ya Mbeya ya Chuo Kikuu cha Mzumbe au kwingineko, utakwenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, maarufu kama Law School, na nakusihi usiidharau. Mwaka 2022 kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, 26 tu ndio waliofaulu moja kwa moja, na Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, mtu wa huku kwetu Kyela, kuchunguza kiini cha tatizo. Ukifaulu, nafasi za kazi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Utaanza kama wakili wa Serikali wa daraja la chini, na ngazi ya mwandamizi, kisha ya mkuu, utaifikia kwa miaka ya utumishi na kwa rekodi yako ya kazi.

Wakati bado uko chuoni, nenda ukakae Mahakama Kuu, Kanda ya Iringa, pale kesi za mauaji zinaposikilizwa. Usimtazame wakili anayezungumza vizuri, mtazame shahidi anapoulizwa swali na upande wa utetezi, kisha ujiulize ni sentensi ipi katika maelezo yake ya polisi iliyomfikisha kwenye tope lile. Na uandike Kiswahili sanifu. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, nasi tuliosomea kila kitu kwa Kiingereza tulilazimika kujifunza upya namna ya kuandaa hati ya mashtaka ambayo mshtakiwa mwenyewe anaielewa inaposomwa.

Habari za kazi, Wakili. Mwanangu yuko mahabusu katika Gereza la Ruanda, Mbeya, kwa shtaka la unyang'anyi wa kutumia silaha. Siku ya tukio alikuwa Tukuyu kwenye msiba wa mjomba wake na watu wengi walimwona. Kila tukienda mahakamani tunaambiwa upelelezi haujakamilika, na wakili wa Serikali yuko pale anasikia. Tufanye nini? (Mama, Mbeya)

Pole sana, mama yangu. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni miongoni mwa makosa yasiyo na dhamana, na anayepatikana na hatia adhabu yake si chini ya miaka 30 gerezani, kwa hiyo najua unavyolala usiku.

Sheria ilirekebishwa mwaka 2022 ili mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, lakini makosa mazito yaliachwa nje ya katazo hilo, ndiyo maana maneno hayo bado unayasikia. Maoni yangu, ambayo nilikuwa nayo hata nilipokuwa kazini, ni kwamba wakili wa Serikali anayesimama mara kwa mara na kusema upelelezi haujakamilika bila kumdai mpelelezi maelezo ya kilichofanyika tangu ahirisho lililopita, hatimizi wajibu wake. Ahirisho ni siku za uhai wa mtu, na anayeliomba anapaswa kuwa na sababu mkononi. Hata hivyo, wakili yule pale mahakamani huenda hajapata kusikia habari za msiba wa Tukuyu. Kama mwanao alizieleza kituoni zikaandikwa kwa mstari mmoja, au hazikuandikwa kabisa, jalada halina habari hizo.

Fanya hivi. Kwanza, mwanao au wakili wake atoe taarifa ya maandishi kwamba atajitetea kuwa hakuwepo eneo la tukio, na aitoe kabla kesi haijaanza kusikilizwa, kwa maana sheria inataka hivyo na utetezi huo ukiibuliwa mwishoni mahakama inaweza kutoupa uzito. Pili, tafuteni daftari la rambirambi la msiba ule. Kama jina lake limo pamoja na kiasi alichotoa, kati ya majina ya waliomtangulia na waliomfuata siku hiyohiyo, huo ni ushahidi ambao ni vigumu kuutunga baadaye. Daftari lenyewe litunzwe na aliyeliandika, msilikate wala kuliongezea chochote, na huyo mwandishi ndiye awe shahidi. Tatu, andika barua kwa mkuu wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka katika mkoa, utaje namba ya kesi, ueleze siku, mahali na majina ya watu wanaoweza kuthibitisha, uombe mpelelezi aelekezwe kuwahoji na kupata taarifa za simu ya mwanao kabla hazijawa ngumu kupatikana. Barua igongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Nimewahi kuona jalada likibadilika kabisa kwa barua ya namna hiyo, kwa kuwa wakili mwenye dhamiri akishajua pana watu wa kuhojiwa, hawezi tena kuendelea kana kwamba hajui.

Kama huna uwezo wa kuweka wakili, omba msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo kwa ajili ya watu kama wewe. Na akitokea mtu kwenye korido za mahakama akakwambia anamfahamu wakili wa Serikali na kwamba kwa kiasi fulani mambo yatakwisha, usimpe hata shilingi. Piga TAKUKURU namba 113, hakuna malipo.

Mdogo wangu ni wakili wa Serikali. Je, anaweza kunisimamia katika kesi yangu ya shamba dhidi ya jirani? (Mkulima, Njombe)

Hapana. Wakili wa Serikali haruhusiwi kuwa na wateja binafsi, hata akiwa ndugu na hata asipolipwa. Usimwombe pia akupigie simu kwa hakimu, maana utamharibia kazi na kesi yako utaitia doa. Nenda kwa wasaidizi wa kisheria walio katika wilaya yako au utafute wakili wa kujitegemea.

Mimi ni mpelelezi huku Mbarali. Tulikamata watu wawili usiku wakitokea upande wa hifadhi, wakiwa na meno mawili ya tembo na nyama ya swala kwenye kiroba. Tumewakuta na mzigo mkononi, lakini wakili wa Serikali amerudisha jalada mara mbili na orodha ndefu ya maelekezo. Kwa nini tunacheleweshwa katika kesi iliyo wazi? (Askari, Mbarali)

Afande, nashukuru kwa swali hili, na ningependa kila askari na kila mhifadhi anayefanya kazi kuizunguka Ruaha asome jibu lake. Ninyi mliolala porini mkiwasubiri watu wenye silaha mmefanya sehemu ngumu ya kazi. Wakili anayerudisha jalada anajaribu kuzuia jasho hilo lisipotee Mahakama ya Rufani miaka mitano baadaye.

Kuwa na nyara za Serikali, yaani wanyamapori au sehemu zao kama meno na nyama, bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kosa hilo huhesabiwa kuwa la uhujumu uchumi. Hapo ndipo sharti la kwanza linapoingia. Kesi ya uhujumu uchumi haisikilizwi bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, na ikitakiwa kusikilizwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, lazima iwepo na hati inayoipa mahakama hiyo mamlaka. Karatasi hizo mbili zikikosekana, au zikiandikwa vibaya, mwenendo wote huwa batili, hata kama mashahidi walikuwa 10 na mshtakiwa alikutwa amebeba pembe begani. Mahakama ya Rufani imefuta hukumu za namna hiyo mara nyingi, na kila ilipofuta, wapelelezi walilalamika kwamba wahalifu wameachiwa kwa sababu ya karatasi. Naelewa uchungu wao. Lakini mahakama isiyo na mamlaka haiwezi kumfunga mtu, na kazi ya kuhakikisha ina mamlaka ilikuwa yetu sisi mawakili.

Sasa tuje kwenye meno yenyewe. Wakili anataka kuona hati ya ukamataji iliyojazwa palepale mlipokamata, ikiwa na saa, jina la mahali, idadi ya vitu, saini ya mliyemkamata na saini ya shahidi huru. Porini usiku shahidi huru hapatikani kirahisi, nalo hilo lielezwe katika maelezo yenu badala ya kuwekwa jina la mtu aliyeletwa asubuhi kituoni. Jino liwekewe alama isiyofutika yenye namba ya jalada, na aliyeiweka aweze kuitambua mahakamani bila kusita. Halafu ifuate safari yake: nani alilibeba kutoka porini, alimkabidhi nani kituoni, mtunza vielelezo aliliandika kwenye rejesta saa ngapi, lilitoka lini kwenda kwa ofisa wanyamapori aliyelitambua na kulithamini, na lilirudi kwa mkono wa nani. Kila makabidhiano yawe na saini mbili, ya anayetoa na ya anayepokea. Katika orodha ya wakili wako nina hakika yamo maswali ya namna hiyo. Ni kweli kwamba Mahakama ya Rufani huwa na ulegevu kidogo kwa vitu visivyoweza kubadilishwa kirahisi, kama meno ya tembo, kuliko inavyokuwa kwa unga wa dawa za kulevya unaopita mikononi mwa watu, lakini wakili anayejenga kesi yake juu ya ulegevu huo anacheza na kesi.

Nyama ya swala ndiyo inayozua matatizo zaidi, na ndiyo inayosahaulika. Nyama haiwezi kukaa hadi siku ya kesi, hivyo hupelekwa kwa hakimu ili atoe amri iteketezwe, na fomu ya orodha ya mali ndiyo inayobaki kuwa kielelezo. Washtakiwa lazima wawepo mbele ya hakimu huyo na wapewe nafasi ya kusema. Kama hakimu alisaini ofisini kwake huku watuhumiwa wako mahabusu, fomu ile haitawagusa. Mahakama ya Rufani imelisema hilo waziwazi. Pigeni picha, waletwe wasimame, hakimu aandike kwamba walikuwepo na walichosema, kisha nyama iteketezwe.

Mnapopokea orodha, mwiteni wakili mkae naye mezani na jalada likiwa wazi, badala ya kupelekeana maandishi kwa wiki tatu. Nilipokuwa mwandamizi niliwaagiza vijana wangu wawapigie simu wapelelezi siku hiyohiyo ya ukamataji, kabla nyama haijaoza na kabla mashahidi hawajahamishwa vituo. Sheria haizuii wakili kutoa mwongozo mapema. Inachozuia ni wakili kugeuka mpelelezi, akashika kielelezo au akamhoji mtuhumiwa mwenyewe, kwa sababu hapo atakuwa shahidi katika kesi anayoiendesha.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Makambako. Liliibiwa, vijana wawili wakakamatwa na baadhi ya mali, kesi ikaahirishwa sana, kisha siku moja mwendesha mashtaka akasema Mkurugenzi wa Mashtaka hana nia ya kuendelea na kesi. Wakatoka siku hiyo. Je, wamehonga? (Mfanyabiashara, Makambako)

Dada yangu, sijaliona jalada lako na siwezi kukuapia kwamba hawakuhonga. Ninachoweza ni kukueleza kwamba sheria inampa Mkurugenzi wa Mashtaka mamlaka ya kuondoa mashtaka wakati wowote kabla ya hukumu, na kwamba mara nyingi mamlaka hayo hutumika kwa sababu wakili amesoma jalada upya akaona litashindwa. Akiliacha lishindwe, washtakiwa wanaachiwa huru na huwezi kuwarudisha tena kwa kosa lilelile. Akiliondoa, mlango haujafungwa kabisa, ingawa tangu mwaka 2022 sheria imebana: hawawezi kukamatwa na kushtakiwa upya kwa kosa lilelile kabla ushahidi haujatosha.

Katika wizi wa vifaa vya ujenzi kinachoangusha kesi karibu kila mara ni utambuzi wa mali. Bati la geji 30 la duka lako na la duka la jirani yako yanafanana, na saruji ndiyo kabisa. Mahakama inataka mwenye mali aeleze alama za pekee kabla hajaonyeshwa mali, siyo baada ya kuiona kituoni. Tafuta basi vitu vyenye namba: mashine ya kukatia vyuma, pampu ya maji, jenereta. Linganisha namba hizo na risiti ulizonunulia mzigo, uandikishe maelezo mapya kwa mpelelezi, na umwandikie mkuu wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka mkoani Njombe ukiomba jalada lipitiwe tena. Una haki ya kuuliza sababu, na wakili aliye makini hatakasirika kuulizwa. Ukiwa na jambo mahususi linaloonyesha rushwa, kama mtu aliyeomba au kupokea fedha, lipeleke TAKUKURU.

Natokea Mufindi. Naomba kujua kama kweli wakili wa Serikali anaweza kumshtaki askari wa Serikali hiyohiyo, na ndugu wa mtu aliyefia mikononi mwa polisi waanzie wapi. (Msomaji, Mafinga)

Anaweza, na mkoa wenu una mfano ambao nchi nzima inaukumbuka. Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa na bomu la machozi katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, wakati polisi walipokuwa wakizuia shughuli ya chama cha siasa. Askari wa kikosi cha kutuliza ghasia alishtakiwa kwa mauaji, na Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka 15. Upande wa mashtaka katika kesi ile ulikuwa Jamhuri. Polisi walipeleleza, na mawakili wa Serikali wakasimama dhidi ya askari.

Wengi waliumia kwamba kosa lilishuka kutoka mauaji. Kisheria tofauti iko kwenye nia: kwa mauaji Jamhuri lazima ithibitishe pasipo shaka kwamba aliyeua alikusudia kuua au kudhuru vibaya, na hilo likipungukiwa mahakama hubaki na kosa dogo zaidi, ambalo nalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Naheshimu uamuzi huo. Lakini wanaouliza kwa nini aliyepandishwa kizimbani alikuwa askari mmoja wa cheo cha chini, wakati pale Nyololo walikuwepo wakubwa wake, wanauliza swali la haki, na wakili wa Serikali anayepokea jalada la namna hiyo anapaswa kuliuliza yeye kabla ya mwananchi: nani alitoa amri, iliandikwa wapi, na kwa nini maelezo yake hayamo? Hapa uhuru wa mwendesha mashtaka peke yake hautoshi, kwa kuwa anategemea upelelezi unaofanywa na wenzake wa mshtakiwa. Tume iliyoundwa na Rais mwaka 2023 kuangalia taasisi za haki jinai, ikiongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipendekeza, pamoja na mengine, kuwepo kwa chombo cha upelelezi kinachojitegemea. Nasimama na pendekezo hilo kwa moyo wote, na natumaini nitaliona likitekelezwa.

Kwa ndugu wa marehemu: msizike kabla mwili haujachunguzwa na daktari, na ombeni ndugu mmoja awepo. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo inataka kifo cha mtu aliyekuwa chini ya ulinzi wa polisi au gerezani kichunguzwe na hakimu, hivyo andikeni mahakamani kuomba uchunguzi huo kama haujaanza, nakala iende Ofisi ya Taifa ya Mashtaka na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Wekeni kumbukumbu ya siku na saa aliyochukuliwa, gari lililomchukua, na jina la kituo. Mkitaka fidia, hilo ni shauri la madai linaloanza kwa kutoa notisi ya siku 90 kwa Serikali, na atakayekuja kuitetea ni Wakili Mkuu wa Serikali, si wakili wa mashtaka. Mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja, kwa hiyo msikubali kuambiwa msubiri moja liishe ndipo muanze jingine.